Ukimya Waliouita Adabu

Mdalasini mbichi haunukii kama ule wa dukani. Ule wa dukani umeshakauka, umeshatulia, unanukia chai. Mbichi, pale gome linapobanduliwa kwenye tawi, una harufu kali yenye majimaji ndani yake, inapanda puani mpaka machozi yanakaribia, halafu inaacha utamu nyuma ya ulimi kama umelamba kitu. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu, Desideri. Vidole vyake vilikuwa vya hudhurungi, kucha zimeingia utomvu usiotoka kwa sabuni, na hata Jumapili akienda kanisani na shati lake lililopigwa pasi ya mkaa, ukikaa naye benchi moja unajua huyu ameanzia shambani. Kwetu ni Matombo, milimani, upande ule ambao ukungu ukishuka unaimeza migomba mmoja baada ya mwingine mpaka unabaki kuuona ule tu uliouegemea. Nataka kueleza msimu mmoja wa huko, msimu nilipowekwa ndani kuwa mwali. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kitaalamu hapa hatayapata. Ila nitataja majina. Wengine wameshakufa, na waliobaki wanajua ninapokaa.

Kwa sisi Waluguru, msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Zamani walikaa muda mrefu sana, bibi zetu walikuwa wakihesabu kwa mavuno. Mimi nilikuta mila imeshapunguzwa kidogo, lakini ilikuwa bado ina meno. Nilitolewa shuleni, nikapewa chumba cha nyuma, dirisha likazibwa kwa gunia, na kuanzia siku ile hakuna mwanaume aliyeruhusiwa kuniona, hata baba yangu mzazi. Kungwi wangu alikuwa Bibi Apolonia, dada yake bibi mzaa mama, mwanamke mwenye miguu mifupi na sauti ya kuamrisha. Alinifundisha kuketi, kuosha mwili, kupika, kuzungumza na mkwe. Mwali huinamisha macho. Mwali hazungumzi ila kwa kunong'ona, na akiweza, hazungumzi kabisa. Akiitwa haitiki mbio mbio kama mtoto. Akiwekwa mahali, anakaa. Sitaki mtu aseme naitukana mila. Yako mafunzo ya bibi yule ninayoyatumia mpaka leo, na siku za mwanzo nilizipenda: uji wa karanga asubuhi, ndizi za nazi mchana, ngozi yangu ikiwa laini na nyeupe kwa kukosa jua, na wanawake wakija kunitazama kama watu wanavyotazama mkeka mpya.

Ukuta wa nyuma wa chumba changu ndio baba aliokuwa akiuegemea alasiri akibandua mdalasini. Ukuta wa udongo, fito zimeanza kuonekana, kwa hiyo kila kitu kilisikika. Baba hakuruhusiwa kusema nami, na yeye alikuwa mtu wa kufuata taratibu za wakwe zake. Basi akawa anaongea na jogoo. Tulikuwa na jogoo mmoja mwekundu mwenye jicho moja bovu, hakuwa na kazi ila kuzurura pale kwenye maganda. Namsikia baba anavuta kigoda, anakohoa, halafu anaanza.

“We jogoo, leo nimeona ajabu. Nyani kaiba mkungu wangu, kaupandisha mpaka juu ya mti, kaionja ndizi, kaitupa. Bado changa. Halafu akanitazama kwa jicho la lawama, kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia.”

Mimi ndani nimeziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Yeye anasikia kitanda cha kamba kinavyolia kwa kicheko changu, anajua. Siku moja mjomba wangu Gaspari alimkuta pale. Huyu Gaspari alikuwa kaka mkubwa wa mama, mwenye sauti ya mwisho katika ukoo, lakini alikuwa na utani na baba kama mashemeji walivyo.

“Shemeji, unaongea na nani?”

“Na jogoo, shemeji.”

“Anakujibu?”

“Huyu kafundwa. Hajibu wakubwa.”

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu nataka msomaji ajue kwamba Gaspari hakuwa jini. Alikuwa mtu wa kucheka, na yaliyofuata aliyafanya akiwa mtu wa kucheka vilevile.

Masika yalipoingia ndipo nilipoanza kuumwa, na sikujua kwamba ni kuumwa. Kwanza usingizi uliondoka. Halafu chakula kikageuka ladha, kila nilichotia mdomoni kilikuwa udongo mtupu. Kisha nyuma ya lile gunia la dirishani wakaanza watu. Nawaita watu kwa sababu sikuwa na jina jingine. Walinong'ona, walijua jina langu, walijua niliyoyafanya na ambayo sikuyafanya. Walisema nikiinua mkono mama atakufa. Walisema nikimeza, nyumba itaporomoka na mlima nyuma yake. Wewe ungefanyaje? Mimi nilikaa. Sikuinua mkono. Sikumeza ila nilipolazimishwa. Bibi Apolonia akiniketisha mkekani, nilibaki palepale nilipoketishwa, miguu imenyooshwa, macho chini, kwa ajili ya kumwokoa mama yangu.

Na wao wakasifu. Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, hata leo nikikosha vyombo naukumbuka mpaka sahani inaniponyoka. Katika nyumba nyingine yoyote, mtoto anayeacha kusema, asiyecheka, asiyetikisika, watu wangeuliza kulikoni. Kwetu, katika chumba kile, mambo hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakitakiwa. Bibi Apolonia alikwenda kisimani kunitangaza. Alikuja na wanawake wenzake, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

“Mtazameni mwali. Tangu asubuhi nimemweka hapa, na hapa ndipo nimemkuta.”

“Hata inzi hamfukuzi,” mmoja akasema.

“Afukuze inzi ana haraka gani? Kafundwa huyu. Wa kwako alikuwa anachungulia dirishani kama mbuzi.”

Wakacheka, wakaniwekea zawadi ya khanga mapajani, wakaondoka. Yule inzi aliendelea kutembea juu ya mdomo wangu.

Aliyejua ni baba peke yake, na alijua akiwa upande wa pili wa ukuta, bila kuniona. Alijua kwa kile kitanda kilichoacha kulia. Nilimsikia akimsimulia jogoo kisa kimoja, halafu anangoja. Anasimulia kingine cha kipuuzi zaidi, anangoja. Alifika mahali pa kumwigiza katekista wetu anavyokimbizwa na nyuki akiwa na kanzu yake, kitu ambacho katika siku za afya kingenitoa roho. Sauti yake nilikuwa naisikia kwa mbali, imechanganyika na ya wale wengine, sikujua tena ipi ni ya kuaminiwa. Mwishowe aliacha visa. Akagonga ukuta taratibu kwa mpini wa kisu, akaniita jina langu wazi, kinyume cha taratibu zote. “Anastazia. Mwanangu.” Sikuweza kujibu. Ningejibu, mama angekufa.

Siku hiyohiyo nilimsikia akimwambia mama uani.

“Huyu mtoto hacheki.”

“Mwali gani anayecheka, baba Anasta? Unataka aaibishe watu?”

“Hacheki hata kimoyomoyo. Mimi namjua. Tumpeleke kwa masista, au mjini hospitali.”

Mama akasema aulizwe Gaspari. Hapa lazima nieleze, maana kuna wasomaji wa mbali. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi pia ni ya ukoo wa mama. Baba alitoka Mlali, chini tambarare, akaja kuoa na kulima kwenye ardhi ya wakwe. Migomba ni yake kwa jasho, ile miti ya mdalasini kaipanda mwenyewe, lakini udongo si wake, na mimi pia, kwa maana hiyo, sikuwa wake. Mwenye kuamua juu yangu alikuwa mjomba. Na mjomba alipoulizwa alimjibu baba kwa upole kabisa, nilisikia kila neno.

“Shemeji, mtoto ni wako kwa kumlea. Kwa ukoo ni wetu. Ngoma imeshatangazwa, pombe iko kwenye mitungi, watu wanatoka mpaka Mlali kwenu. Mwali atolewe kwa ajili ya dispensari? Watasema ukoo wetu una kichaa. Nani atakuja kuposa? Acha tumtoe kwanza.”

Wakanitoa. Kwetu mwali siku hiyo hubebwa mabegani, kapambwa shanga na mafuta, wanawake wanapiga vigelegele, ngoma zinalia mpaka mbavu zinatetema. Jua nilikuwa sijaliona muda mrefu, lilinipiga usoni kama maji ya moto. Huku chini watu wanatunza, wanasifu macho yangu yaliyoinama. Nilimwona baba nyuma ya umati, kofia mkononi. Yeye peke yake alikuwa hachezi. Kisha ikafika ile sehemu ambapo mwali anashushwa, anaambiwa ainue uso acheze, aonyeshe kwamba ameshakuwa mtu mzima. Nilishushwa, nikasimama. Wakaimba. Nikasimama. Mpiga ngoma akarudia mwanzo. Mkojo ukateremka miguuni mwangu juu ya zile shanga, mbele ya ukoo mzima, na mimi bado macho chini. Ngoma zikafa moja moja. Nilimsikia Bibi Apolonia akisema, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake, “Anasta, mama, cheza basi hata kidogo.”

Baada ya hapo sikuitwa tena aliyefundwa. Niliitwa aliyerogwa. Gaspari alinipeleka kwa Mzee Pazi, mganga wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa na sifa ya kutuliza vichaa. Njia yake ya kutuliza ilikuwa gogo. Gogo limetobolewa, mguu unapitishwa kwenye tundu, kigingi kinapigiliwa, unakaa. Nilikaa. Nilifukizwa moshi wa majani mpaka nikatapika, nilichanjwa chale kifuani, nilipigwa na kijana wake kwa ufito ili wale watu watoke. Hawakutoka, walipata la kusema zaidi. Pazi ameshakufa, sina ninalomtakia. Lakini aliyempa mguu wangu ni Gaspari, aliyemwambia Gaspari kwamba huko ndiko kwa kupona ni Apolonia, na waliopita njiani wakaniona kwenye gogo wakaendelea na safari zao sina uwezo wa kuwaandika wote, karatasi haitatosha. Kovu la kigingi ninalo kwenye kifundo. Nikivaa viatu vya wazi watoto huniuliza.

Mama alikuja na chakula, akanilisha kwa mkono, akalia, akarudi. Yeye namwacha. Alikuwa dada wa kaka yake na hakuwahi kuonyeshwa namna nyingine ya kuwa.

Baba alikuja mchana, siku ambayo kijiji kizima kilikuwa msibani, na Pazi mwenyewe kaenda kuzika. Alikuja na panga la kukatia mdalasini. Hakusema na mtu. Alipiga magoti, akakichokonoa kigingi, na kila kilipogoma alikuwa akinong'ona, “Samahani, mwanangu, samahani,” kana kwamba yeye ndiye aliyekipigilia. Kilipotoka alinitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu niwekwe ndani. Akaninusisha vidole vyake. Sijui kwa nini alifanya hivyo, nadhani hakuwa na kingine. Ile harufu kali ya gome bichi ikapita katikati ya wale watu wote waliokuwa wanapiga kelele kichwani mwangu, ikanifikia. Akanibeba mgongoni, msichana mkubwa mwenye miguu inayoburuza, akateremka nami kwenye njia ya utelezi. Kwenye kijito tukakutana na wanawake wawili wanachota maji.

“Desideri, umeoa tena? Huyu mbona hujamtolea mahari?”

“Nimemwiba,” baba akasema. “Kamwambieni Gaspari, nimemwiba.”

Barabarani alipata roli la ndizi. Tulilala juu ya mikungu mpaka mjini, yeye amenikumbatia kila roli lilipoingia shimoni. Hospitalini walinipokea. Nilichomwa sindano, nikalala usingizi ambao sikumbuki kama nimewahi kuupata tena mzuri hivyo. Nilipoamka kulikuwa na nesi mnene ameketi ukingoni mwa kitanda anamenya chungwa. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, “Wapo bado?” Nikamtazama. “Hao wanaokusemesha. Wanasema nini?” Katika msimu ule wote, kati ya kungwi, mjomba, mganga na umati wa ngoma, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza. Sauti ilitoka imekwaruza kama bawaba ya mlango. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipa kipande cha chungwa, akasema nikimeze, mama yangu hatakufa, na kama siamini nimeze nusu tuone. Nikameza nusu. Tukangoja wote wawili. Kisha akanipa nusu iliyobaki.

Huko mlimani ukoo ulikaa kikao. Gaspari alikiongoza. Walimhukumu baba kwamba kaiba mtoto wa watu, kwa hiyo asikanyage tena ardhi ile. Migomba na mdalasini vikabaki kwa wenye udongo. Mama alibaki pia, akawa anatutumia ndizi kwa maroli mpaka alipofariki. Baba akawa mbeba mizigo sokoni mjini, tukapanga chumba Mafiga, na kila mwezi alinipeleka kliniki, kanivalia shati lake la kunyooshwa. Rangi ya hudhurungi ilitoka vidoleni mwake kidogo kidogo. Hakulalamika. Siku moja moja, akikuta mtu anauza mdalasini sokoni, alikuwa anaokota kijiti, anakinusa, anakirudisha pale alipokikuta, na kusema kimekatwa vibaya.

Sasa mimi ndiye ninayeuza viungo pale, na bado nakwenda kliniki. Wale wanaodhani ugonjwa huu ni wa watu wachache waje wakae kwenye lile benchi asubuhi moja. Hakuna pa kuketi. Nimekutana pale na mwalimu wa sekondari, dereva wa bodaboda, mama aliyejifungua akaanza kumwogopa mtoto wake mwenyewe, askari mstaafu, mke wa shehe na mwimbaji wa kwaya wakisoma gazeti moja. Kila mmoja mwanzoni anadhani yuko peke yake. Siku hizi kuna manesi waliosomea haya mambo tu, dawa ukizikosa dirishani unaandikiwa, hata kwenye zahanati za milimani yupo wa kukusikiliza na kukupa barua ya kuteremka nayo. Si kwamba mambo ni mazuri. Dawa huisha, daktari ni mmoja na watu ni wengi, na magogo bado yapo, nawajua wenye nayo. Lakini msichana wa leo akinyamaza, kuna mlango wa kugonga, na hauhitaji baba wa kuiba.

Ndivyo nilivyokuwa nasema mpaka mwaka huu wakati wa masika, Gaspari alipokuja Mafiga. Nilifungua mlango asubuhi nikamkuta kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amekauka, fimbo mapajani, na pembeni yake binti wa umri wa mwali, khanga kichwani, macho chini. Nikasema shikamoo, mjomba, kwa sababu nililelewa. Akasema marahaba. Hakutaja ya zamani na mimi sikumsaidia kuyataja. Alisema huyu ni Editha, mtoto wa mwanawe wa kiume. Hali chakula na hasemi. Wanawake wanamsifu.

Nilijua maana yake bila kuambiwa. Mtoto wa mwanawe wa kiume si wa ukoo wake. Ni wa upande wa mama yake, na kwa mila Gaspari hana neno juu yake, kama baba yangu alivyokuwa hana neno juu yangu.

“Wajomba zake wanasemaje?” nikauliza.

“Wanasema kwa mganga.”

“Wanajua uko hapa?”

Akatazama chini. “Hawajui. Nimeondoka naye wakiwa shambani.”

“Watakuita kikaoni, mjomba.”

“Najua,” akasema. “Maneno watakayosema nayajua yote.”

Sijamsamehe, na naandika hivyo ili asije mtu akaweka neno jingine mdomoni mwangu. Baba alikufa bila kuiona tena ile miti, na yapo mambo ambayo hata mzee akiteremka mlima mzima kwa fimbo hayarudi. Nikamshika Editha mkono. Ulikuwa wa baridi, umelegea, lakini baada ya hatua chache ulinishika. Foleni ya kliniki huanza mapema na ukichelewa unarudi kesho, kwa hiyo tukaenda haraka. Nilipogeuka, Gaspari alikuwa ameachwa nyuma kabisa, anahema, anajikongoja pembeni mwa mtaro. Nikasimama na yule mtoto, tukamngoja.